Saa tisa usiku na saratani ya tezi dume: jibu kwa mzee wa duka la spea

SWALI: "Habari daktari. Mimi ni mzee wa miaka 58, niko na duka la spea Kirinyaga Road, naishi Umoja. Wiki tano zimepita tangu niambiwe niko na saratani ya tezi dume. PSA, kile kipimo cha damu, ilikuwa 8.4, wakatoa vinyama wakapima, wakasema Gleason ni 3+4 yaani 7, na MRI ikaonyesha haijatoka nje ya tezi. Daktari anataka nichague operesheni ama mionzi. Tangu hiyo siku silali, naamka saa tisa kwenda choo na usingizi haurudi, nafikiria tu. Saba kwa kumi si ni kama nimeisha? Rafiki yangu anasema ile sindano ya kutoa kinyama ndio huamsha kansa, sasa najuta kukubali. Nyumbani nimewaambia ni shida ya mkojo, ndugu yangu peke yake ndiye anajua. Nimekuwa mtu wa hasira, juzi nilimfukuza kijana wangu dukani juu ya kitu kidogo sana. Sitaki kuwa mwanaume wa jina tu. Mama watoto akijua nitamwangalia vipi? Hizi stress zinafanya ugonjwa ukue haraka? Ama nimeanza kurukwa na akili? Na duka niendelee kufungua ama nikae nyumbani?"

JIBU:

Mzee wangu, wacha nianze na hiyo ya kurukwa na akili, juu naona umeificha huko mwisho kama mtu anayeuliza bei akiwa tayari ameshika mlango. Hapana, hujarukwa na akili. Kukosa usingizi, hasira ya ghafla, kichwa kuzunguka na jambo moja usiku kucha, hivyo ndivyo mtu mzima huwa akiambiwa habari kama hiyo, na wiki tano si muda mrefu. Mimi kazi yangu ni mambo ya akili na moyo, sio kisu, kwa hivyo nitakayosema kuhusu mwili mrudishie daktari wako wa mkojo akuthibitishie kwa kesi yako. Lakini nikisoma swali lako naona umebeba mizigo mitatu: kuogopa kufa, kuogopa kupoteza uanaume, na siri. Na kwa maoni yangu huo wa tatu ndio unakuvunja mgongo, na ndio pekee unaoweza kuutua wiki hii hii.

Lakini kwanza tutoe uongo njiani. Hiyo saba sio maksi. Watu wengi sana husikia "saba" na kichwani wanamalizia "kwa kumi", wanaenda nyumbani na hesabu ya asilimia 70 ya kifo ambayo hakuna mtu aliwapa. Vile inavyofanywa ni hivi, mtaalamu wa maabara anaangalia vile vinyama kwa darubini, anapatia seli alama kuanzia 3 hadi 5 kulingana na vile zimeharibika, alafu anajumlisha alama ya zile zilizo nyingi zaidi na alama ya zinazofuata. Kwa hivyo siku hizi majibu ya saratani huanza na 6. Hakuna 2, hakuna 4, hiyo ngazi inaanzia 6 inaishia 10, na wewe uko hatua moja tu kutoka chini. Tena yako ni 3+4, maana yake sehemu kubwa ni ile iliyotulia na kuna kiasi cha ile yenye fujo kidogo. Ingekuwa 4+3 jumla bado ni 7 lakini mazungumzo na daktari yangekuwa mengine. Ukiongeza kwamba haijatoka nje ya tezi na PSA iko chini ya 10, huu ni ugonjwa unaotibiwa kwa nia ya kuumaliza. Sikupi moyo bure, ndivyo karatasi zako zinasema.

Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Uingereza unaitwa ProtecT, wanaume 1,643 waliokuwa na saratani ambayo bado iko ndani ya tezi wakagawanywa kwa kura, wengine wakafanyiwa operesheni, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu kwa vipimo. Majibu ya baada ya miaka 15 yalitolewa 2023, na katika kila kundi waliokufa kwa hiyo saratani walikuwa karibu 2 hadi 3 kwa kila 100. Sasa usichukue hiyo namba ukaibandika kwako vile ilivyo, juu karibu wote walikuwa wazungu, wengi wao wenye ugonjwa mpole, na sisi watu weusi ugonjwa huu hutupata zaidi na mara nyingi mapema. Ila kuna kitu kimoja hapo cha kukusaidia leo usiku: huu ugonjwa ukiwa hatua yako hauendi mbio. Una wiki za kufikiria, mara nyingi hata miezi michache. Muulize daktari wako waziwazi "niko na muda gani wa kuamua bila kujiumiza?" Wanaume wengi huchagua matibabu kama mtu anayekimbia moto, alafu wanakaa miaka wakijiuliza kama walichagua vizuri.

Ile ya sindano, rafiki yako hana ubaya lakini amekosea. Najua inatoka wapi. Kwetu watu wengi huenda hospitali wakiwa wamechelewa, mgongo unauma, miguu imelegea, ndio wanatolewa kinyama, na baada ya miezi kadhaa wanafariki, sasa familia ikikumbuka inaona alikuwa anatembea vizuri mpaka siku alipodungwa. Kumbe ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa kabla ya hiyo sindano. Kinyama hakiamshi kansa. Bila hicho kinyama hungejua kama ni 6 ama ni 9, na hao wawili hawatibiwi njia moja. Kwa hivyo hayo majuto yaweke kando kabisa, ulifanya kitu cha maana.

Sasa usiku. Ubongo una sehemu ambayo kazi yake ni kupiga king'ora, na hiyo sehemu haijui tofauti ya simba na karatasi ya maabara. Ikipiga, mwili unamwaga homoni za hofu, adrenalini na kortisoli, moyo unakimbia, tumbo linajikunja, misuli inakaza, usingizi unafukuzwa juu nani analala simba akiwa mlangoni? Shida ni kwamba simba angepita, lakini karatasi iko kwa droo kila siku. Mchana angalau duka linakufunika, kuna wateja, kuna kelele za Kirinyaga Road, mtu anataka bushi mwingine anataka brek pedi za Probox. Saa tisa usiku hakuna mteja. Tena kortisoli yenyewe huanza kupanda kuelekea asubuhi hata kwa mtu mwenye afya, kwa hivyo mkojo unakuamsha, akili inapata mlango uko wazi, inaingia.

Kitu cha kufanya: ukiamka ukienda choo ukirudi na uone usingizi umekataa kama dakika ishirini, usilale hapo ukibishana nao. Toka, kaa kwa kiti sebuleni taa ikiwa hafifu, uwe na kitabu cha mazoezi cha shilingi chache na kalamu, andika lile jambo linalokuzunguka kama swali la kuuliza mtu fulani. "Nitakufa?" inakuwa "Daktari, kwa kesi yangu uwezekano wa kurudi baada ya operesheni ni kiasi gani?" Alafu pumua pole pole, kutoa pumzi kukiwa kurefu kuliko kuvuta, dakika tano hivi, hiyo inauambia mwili king'ora kizimwe. Mchana jipe nusu saa ya kuogopa makusudi, sema saa kumi na moja ukifunga duka, hapo ogopa vile unataka, lia kama unataka, na yale mawazo ya saa zingine uyaambie yangoje hiyo saa. Inaonekana kama mchezo wa watoto lakini inafanya kazi kwa watu wengi. Simu usiiguse usiku, hakuna mtu amewahi kutafuta "tezi dume" kwa mtandao saa tisa akarudi kulala akiwa na amani. Na kama umeanza kunywa mbili tatu za kukuletea usingizi, pombe inakulaza saa mbili za kwanza, alafu inakuamsha na inajaza kibofu pia, kwa hivyo umelipa pesa kuamka saa tisa.

Unauliza kama stress zinakuza kansa. Hakuna ushahidi thabiti wa kwamba kuogopa kunafanya saratani ya tezi dume ikimbie. Na hii naisema pande zote mbili, juu kuna watu watakuambia uwe na mawazo mazuri tu utapona, nao wanakuwekea mzigo mwingine, sasa ukilia unadhani umejiua. Huna haja ya kuwa na furaha ndio dawa ifanye kazi. Kile stress hufanya ni kukunyima chakula na usingizi, kukufanya ukose kliniki, kukufukuzia watu. Na hiyo inatuleta kwa kijana wako.

Hasira yako si tabia mpya, ni woga. Sisi wanaume tulifundishwa kwamba kuogopa ni kwa wengine, kwa hivyo woga ukija tunauvalisha nguo za hasira ndio utoke nje bila aibu. Sonona, yaani depression, kwa mwanaume mara nyingi haionekani kama machozi, inaonekana kama kufokea watu, kunyamaza, kufanya kazi mpaka usiku, kunywa, kuendesha gari vibaya. Huyo kijana hajui kosa lake ni nini. Mpigie simu. Si lazima umwambie ugonjwa leo, mwambie tu "nilikukosea, kuna kitu kinanisumbua na si wewe."

Kwa nguvu za kiume sitakudanganya, juu ukidanganywa hapa hutaniamini kwa kitu kingine. Neva zinazosimamisha uume zinapita ubavuni mwa tezi pande zote mbili, nyembamba sana, zimeshikana nayo kama utando. Kwa operesheni daktari anaweza kujaribu kuzihifadhi, inategemea uvimbe uko wapi, lakini hata zikihifadhiwa huwa zimeshtuka na zinachukua miezi mingi kuamka, wakati mwingine mpaka miaka miwili, na kuna wanaume ambao hazirudi vile zilikuwa. Mionzi haivunji kwa siku moja, lakini nguvu zinaweza kupungua pole pole kwa miaka. Mionzi ikiongezewa sindano za homoni, hapo ni hamu yenyewe inapungua, unatoka jasho la ghafla kama mama aliyefikia umri wa kukoma hedhi, unaweza hata kulia ukiangalia habari za saa moja, na usidhani ni udhaifu, ni testosteroni imeshushwa makusudi. Muulize daktari kama wewe utahitaji hizo homoni na kwa miezi mingapi, hilo swali watu wengi husahau. Mkojo kuvuja baada ya operesheni ni kawaida mwanzoni, wengi hupata nafuu ndani ya miezi, na mazoezi ya kukaza ile misuli unayotumia kukatisha mkojo uanze hata kabla ya operesheni.

Upande mwingine wa hesabu ndio huu. Kuna vidonge, kuna pampu, kuna sindano, zote zinafanya kazi kwa wanaume wengi, ila vidonge usinunue kwa mtu wa mkoba pale mjini na usivimeze kama unatumia dawa za moyo zenye naitreti, vitakuangusha. Utamu wa mwisho unaweza kubaki hata kama uume haukusimama sawasawa, ila baada ya operesheni hakuna shahawa zitatoka. Wanaume wengi hawajui hizo ni kazi mbili tofauti. Na ukiniuliza, "mwanaume wa jina tu" ni maneno ya baa. Huyo anayekwambia hivyo hajawahi kulipa fees za watoto wako.

Mnamjua Profesa Anyang' Nyong'o. Mwaka 2010 akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu aligunduliwa na saratani hii, akaisema hadharani, akatibiwa, na 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu. Mzee Mandela alipata mionzi ya tezi dume 2001, akaishi mpaka 2013 akiwa na miaka 95. Najua, najua, wao walikuwa na pesa na madaktari wa ng'ambo. Lakini kuisema haikuhitaji pesa.

Tufike kwa mama watoto. Mzee wangu, unadhani hajui kitu? Mmekaa naye miaka mingapi? Anaona unaamka, anaona unageuza simu kifudifudi, anaona pesa inatoka kwa M-Pesa na hujasema inaenda wapi, unatoka siku ya kazi bila maelezo, na kitandani umemgeuzia mgongo. Wewe unafikiri unamkinga na neno saratani, yeye pengine sai anashuku mpango wa kando. Nimeona hii mara nyingi, mke anaambiwa ni kansa na kitu cha kwanza kinachomtoka ni kushusha pumzi, alafu ndio machozi yanakuja. Si kwa sababu kansa ni nafuu, ni kwa sababu mwishowe kile alichokuwa anahisi kimepata jina.

Usimwambie usiku mkiwa mmechoka, na usimwambie kwa simu. Tafuta Jumapili mchana watoto wakiwa wametoka, muwe wawili. Usianze na historia ndefu, utapotea njiani. Sema hivi: "Ile shida ya mkojo nilikudanganya. Nilipimwa wakapata saratani ya tezi dume. Imepatikana mapema na inatibika. Sikukuambia juu niliogopa, na bado naogopa." Alafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu, wanaume wengi wanajaza na mipango ya pesa na shamba. Mwache aulize, alie, akasirike kwamba ulimficha, ana haki. Mwambie mapema pia kwamba huu si ugonjwa wa kuambukiza, hawezi kuupata kwa kulala na wewe, na haukuletwa na mambo ya nje ya ndoa. Umri, ukoo na damu yetu ya Kiafrika ndivyo vinavyoongeza uwezekano. Kuna mtu ataleta habari ya kurogwa ama laana, usigombane naye. Kuombewa ombewa, ila mchungaji akisema uache kliniki badilisha mchungaji.

Na kuna sababu nyingine ya kusema ambayo haihusu moyo wako kabisa. Ndugu zako na vijana wako sasa wako na hatari zaidi ya huu ugonjwa kwa sababu yako, wakifika miaka 40 wanafaa kuongea na daktari kuhusu PSA. Ukinyamaza unawanyima hiyo nafasi. Lakini kuambia familia sio kuambia ulimwengu. Mwambie ndugu yako mapema asiweke kwa group ya WhatsApp ya ukoo, juu asubuhi utaamka na mweka hazina wa harambee ashachaguliwa na dawa kumi na mbili za miti shamba kutoka ushago. Wewe ndiye unachagua nani ajue na lini.

Pesa nitapita haraka: kabla hujauza chochote nenda kwa dawati la SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa hospitali unayotibiwa, uliza wanalipa nini kwa operesheni na nini kwa mionzi, na idhini inachukua muda gani. Mionzi ya serikali hapa Nairobi iko Kenyatta na pia hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ile ya kuelekea Thika. Nimeona mtu ameuza ploti kwa hofu na hajauliza hilo swali.

Sasa nisikilize vizuri. Kama hali hii ya usingizi na kukosa raha haijapungua wiki mbili baada ya kumwambia mkeo, ama umeacha kula, ama pombe imekuwa ya kila siku, tafuta kaunsela ama daktari wa akili ana kwa ana, usingoje operesheni ipite. Uliza hospitali yako kama wana kaunsela wa wagonjwa wa saratani. Nairobi Hospice, iliyo hapo karibu na Kenyatta tangu 1990, watu hudhani ni mahali pa kwenda kufa, lakini wanashauri wagonjwa na familia pia. Na kama kuna usiku umefikiria heri usingekuwepo, usione haya kusema. Tafiti za Sweden na Marekani zimeonyesha hatari ya kujiua hupanda miezi ya kwanza baada ya majibu haya, kwa hivyo si wewe peke yako. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo, ama Befrienders Kenya, shirika la kusikiliza watu wenye mawazo kama hayo, ama uende kasualti yoyote ukiwa na ndugu yako. Zamani watu waliogopa kusema juu kujaribu kujiua ilikuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu (Penal Code) kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa upande wa mwili, ukishindwa kabisa kukojoa, ukipata homa na baridi ya kutetemeka, ama miguu ikalegea na mgongo unauma, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Duka fungua. Kukaa nyumbani ni kuongeza saa tisa usiku zingine mchana. Ila funga saa kumi na moja badala ya saa moja, tembea kidogo kabla ya kupanda matatu ya Umoja, na siku ya kliniki mwachie kijana funguo. Ukimpa hizo funguo ataelewa unamwomba msamaha hata kabla hujamaliza kusema.